Gereji ya Wasomaji: Ethanoli kwenye Injini Yenye Tabo

Barua za toleo hili zote zimetoka kusini, na zote zinauliza juu ya kuchanganya spiriti na petroli kwenye magari yenye nguvu. Tumeanza na ya Shangani kwa sababu jibu lake ndilo msingi wa mengine yote.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nina Subaru Impreza WRX, injini ya EJ20, tabo yake ya kiwandani. Rafiki alinishauri nimimine lita 10 za spiriti ya asilimia 96 kwenye tenki lenye petroli lita 30. Siku mbili za kwanza gari lilivuta kuliko zamani. Siku ya tatu, nikitoka Mikindani, nilikanyaga mafuta mpaka chini likaanza kukohoa na taa ya injini ikawaka. Fundi amepima, msimbo ni P0171. Spiriti imeua injini?
*Msomaji, Shangani, Mtwara*

JIBU: Kwa dalili ulizotaja, injini haijafa. Ina njaa. P0171 maana yake kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeongeza mafuta mpaka kikomo chake cha kusahihisha, na bado senso ya oksijeni inasema hewa ni nyingi na mafuta ni kidogo.

Petroli huungua sawasawa kwa kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya mafuta. Ethanoli, yaani kileo kilichomo kwenye spiriti, tayari imebeba oksijeni ndani yake, kwa hiyo inataka kilo 9 tu za hewa. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, lita ya ethanoli ina 21. Hewa ikiwa ileile, nozeli lazima zimwage ethanoli nyingi zaidi ili kupata kazi ileile. Tenki lako lilikuwa na lita 9.6 za ethanoli ndani ya lita 40, yaani asilimia 24. Mchanganyiko huo unadai mafuta zaidi kwa karibu asilimia 9.

Hapo ndipo fundi wako anatakiwa asimame afikiri. Asilimia 9 peke yake kwa kawaida haiwashi P0171, maana kontroli boksi nyingi zinaweza kusahihisha mpaka asilimia 20 au 25. Kwa hiyo kuna kitu cha pili, na cha kukishuku kwanza ni chujio la mafuta. Tenki la gari lililotumika miaka mingi Japani, kisha miaka mingine hapa, lina gamba la utomvu wa petroli na vumbi la kutu. Ethanoli ni kiyeyushi kikali: inabandua gamba hilo na kulisukuma lote kwenye chujio. Kwenye mwendo wa taratibu hutaona kitu. Ukikanyaga mpaka chini, presha ya mafuta inashuka na gari linakohoa.

Cha tatu ni maji. Spiriti ya asilimia 96 ina sehemu 4 za maji kwa kila 100, maana yake ulimimina karibu nusu lita ya maji kwenye tenki. Kwa joto la Mtwara mchanganyiko wako uko karibu na ukingo wa kuyabeba bila kutengana. Ukiongeza petroli tupu juu yake, au maji kidogo yakiwa yamekaa chini ya tenki tangu zamani, unaweza kuvuka ukingo: maji na spiriti vinashuka chini, na pampu inanyonya kutoka hukohuko chini.

Fanya hivi. Usikanyage mafuta mpaka chini tena kwa sasa. Tabo inaposukuma hewa zaidi ndani ya injini, kontroli boksi haimsikilizi tena senso wa oksijeni kama inavyofanya kwenye mwendo wa kawaida. Inafuata jedwali lililoandikwa kwa ajili ya petroli. Mafuta yakiwa pungufu wakati huo joto linapanda, injini inagonga (sehemu ya mafuta inalipuka yenyewe badala ya kuungua taratibu), na kwenye EJ20 kinachovunjika mapema ni kingo za pistoni zinazoshika ringi. Toa mafuta kidogo kutoka chini ya tenki, yatie kwenye chupa nyeupe ya kioo, yaache dakika 30. Ukiona mstari unaotenganisha tabaka mbili, mwaga tenki lote, usijaribu kuokoa kitu. Yakibaki maangavu, yapunguze kwa petroli safi mpaka ethanoli ishuke chini ya asilimia 10, kisha yachunguze tena kwenye chupa.

Halafu badilisha chujio. Ondoa kwanza presha: chomoa fyuzi au rilei ya pampu, washa injini mpaka izime yenyewe, piga stata sekunde 5 nyingine, ndipo ufungue mpira. Fundi aunganishe geji ya presha kwenye njia ya mafuta, kwa sababu pampu yenye umri wa miaka 20 inaweza kuwa ndiyo imechoka na spiriti imefichua tu udhaifu wake. Mwisho chomoa waya hasi wa betri kwa dakika 30 ili kontroli boksi isahau masahihisho iliyojifunza, na uendeshe taratibu kilomita 50 hivi ijifunze upya.

Kuhusu kuvuta kuliko zamani, hukukosea. Ethanoli ina okteni ya 108 hivi, na inapogeuka mvuke inafyonza joto jingi sana kuliko petroli, hivyo hewa inayoingia kwenye silinda inapoa. Subaru huirudisha nyuma taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, kila isikiapo injini inagonga. Ulipoongeza spiriti kugonga kule kukapungua, gari likarudishiwa taimingi yake. Nguvu uliyoihisi ilikuwa ya gari lako mwenyewe.

SWALI: Ndugu zangu, mimi sitaki kubahatisha. Nina Chaser ya 1JZ-GTE, silinda 6, na nataka nguvu za farasi 350 kwa E85. Naweza kuagiza vifaa kutoka Dar. Ninunue nini na nianze wapi?
*Msomaji, Lindi mjini*

JIBU: Tumefurahi kuulizwa hivi, na tutajibu kwa hesabu.

E85 ni jina tu, la petroli inayotakiwa kuwa na ethanoli asilimia 85. Hata Marekani inakouzwa, kilichomo kinabadilika kati ya asilimia 51 na 83 za ethanoli kufuatana na majira na mahali. Mtwara na Lindi hakuna sheli yenye pampu ya E85, kwa hiyo utachanganya mwenyewe: lita 17 za ethanoli kavu na lita 3 za petroli zinakupa lita 20. Kavu tunamaanisha asilimia 99.5 au zaidi. Mwambie muuzaji akuonyeshe cheti cha kundi hilo chenye kiwango cha maji, na uthibitishe kuwa haina methanoli, ambayo ni sumu na inakula alumini vibaya kuliko ethanoli. Spiriti ya rangi ya dukani achana nayo.

Nozeli. Injini yenye tabo kwa petroli inahitaji karibu sentimita za ujazo 6.1 za mafuta kwa dakika kwa kila nguvu ya farasi moja. Kwa 350 ni 2,135. Gawa kwa silinda 6 unapata 356, gawa tena kwa 0.85 kwa sababu nozeli haitakiwi kufunguka zaidi ya asilimia 85 ya muda, unapata 419. E85 inadai zaidi kwa asilimia 40, hivyo ni 586. Nunua za 650. Kabla ya kufunga, pima ukinzani wake: omu 11 mpaka 16 zinafungwa moja kwa moja, zikisoma omu 2 mpaka 4 zinahitaji rezista, la sivyo utaunguza kontroli boksi.

Pampu. Zile 2,135 kwa dakika ni lita 128 kwa saa kwa petroli, au lita 179 kwa E85. Usinunue pampu iliyoandikwa lita 190 ukadhani inatosha. Namba ya kwenye boksi hupimwa kwa presha ndogo. Presha ya mafuta ikipanda pamoja na ya tabo, mtiririko unashuka. Chukua ya lita 300 au zaidi, na iwe imeandikwa wazi kuwa ni ya E85. Ethanoli inapitisha umeme kuliko petroli, na pampu ya petroli tupu huliwa brashi na vituo vyake vya umeme ikiwa imezama humo. Mvutie waya wake mpya wa milimita mraba 4 kutoka kwenye betri, rilei ya ampea 30, fyuzi ya ampea 20. Waya wa zamani ukikupa volti 11 kwenye pampu badala ya 13.5, umenunua pampu kubwa ukapata ndogo.

Mipira ya mafuta ndiyo watu wanayoisahau, nayo ndiyo inayochoma magari. Mpira wa zamani unavimba, unalainika, kisha unapasuka kwenye klipu. Nje ya tenki tumia wenye alama ya SAE 30R9 au uliowekwa utando wa PTFE (plastiki isiyoliwa na ethanoli) ndani. Kile kipande kifupi kinachozama ndani ya tenki lazima kiwe 30R10; 30R9 inastahimili mafuta yanayopita ndani yake, nje yake haikutengenezwa kulowa. Oringi zote ziwe za Viton.

Senso ya ethanoli inafungwa kwenye njia ya mafuta. Inatoa mawimbi ya hezi 50 ikiwa ethanoli ni sifuri na hezi 150 ikiwa ni asilimia 100. Hezi 120 ni asilimia 70. Kontroli boksi ya kiwandani ya 1JZ haijui kuisoma, kwa hiyo unahitaji ya kupangwa, yenye jedwali la petroli na jedwali la ethanoli, ambayo inachagua katikati kufuatana na senso. Bila hivyo, siku utakayoishiwa E85 njiani kuelekea Kibiti ukajaza petroli tupu, gari litakuwa linamwaga mafuta mara moja na nusu huku taimingi iko mbele kuliko petroli inavyoweza kubeba.

Plagi zipande daraja moja la ubaridi. Kwa plagi za kampuni ya NGK ni kutoka namba 6 kwenda 7, mwanya milimita 0.7. Ethanoli haigongi kirahisi, lakini kitu chochote chenye joto kali ndani ya silinda, hata ncha ya plagi, kinaweza kuiwasha kabla ya cheche. Hali hiyo haitoi sauti ya kukuonya. Inatoboa pistoni.

Ndipo upangaji wenyewe. Anza na mafuta zaidi kwa asilimia 40 na taimingi ileile ya petroli. Tabo ikisukuma, lenga lamda (kipimo cha hewa kwa mafuta: 1 ni sawasawa, chini ya 1 mafuta yamezidi) ya 0.80 mpaka 0.82. Kisha sogeza taimingi mbele digrii moja moja, ukiangalia torki (nguvu ya kuzungusha) kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari. Torki ikiacha kupanda, rudi digrii moja na usimame hapo, hata kama injini haigongi. Kwa petroli kugonga ndiko kunakokuzuia. Kwa E85 unaweza kupita kilele cha torki bila kusikia chochote, ukabaki unabebesha fimbo za pistoni mzigo bure.

Watu hupenda kutaja gari la mbio la Koenigsegg CCXR la Uswidi ya mwaka 2007, iliyotoa farasi 1,018 kwa E85 wakati ndugu yake CCX ilitoa 806 kwa petroli. Ni kweli. Lakini walibadilisha nozeli, njia za mafuta, ringi za pistoni, na presha ya kusukuma hewa kwenye injini wakaipandisha. Ethanoli iliwafungulia mlango tu.

Oili badilisha kila kilomita 3,000. Ukiona ute mweupe chini ya kifuniko cha oili, ni maji ya safari fupi fupi. Mpe gari mwendo mrefu, hata Lindi hadi Mtwara mara moja kwa wiki. Na weka kizima moto cha poda gereji. Moto wa ethanoli ni hafifu, mchana wa jua la Lindi unaweza usiuone mpaka ukuguse.

SWALI: Nimefunga geji ya uwiano wa hewa na mafuta. Nimeweka mchanganyiko wa asilimia 30 lakini kwenye mwendo wa kawaida bado inasoma 14.7. Si ingetakiwa ishuke mpaka 13? Imeharibika?
*Msomaji, Mikindani*

JIBU: Nzima. Senso haijui ni mafuta gani umeweka. Inapima tu oksijeni iliyobaki kwenye moshi, yaani lamda. Geji inachukua lamda na kuizidisha kwa 14.7 kwa sababu ndivyo ilivyopangwa. Lamda 1 itasomeka 14.7 uwe na petroli au ethanoli tupu. Ibadilishe isome lamda na uache kabisa kufikiria namba za uwiano. Kuna mafundi wanaoona 11.8 kwenye E85, wakadhani wanatakiwa waishushe mpaka 7.8, wakajaza mafuta mpaka plagi zikalowa. Hiyo 11.8 ilikuwa lamda 0.80, na ilikuwa sahihi.

SWALI: Gari langu, Lancer Evolution, hukaa wiki tano sita bila kuendeshwa nikiwa safarini. Nililiacha na mchanganyiko wa ethanoli asilimia 15. Niliporudi likagoma kuwaka. Fundi anasema petroli ya sheli ina maji. Nitajuaje nani wa kulaumiwa?
*Msomaji, Kilwa Masoko*

JIBU: Inawezekana sheli haina kosa. Ethanoli inavuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya Kilwa ina unyevu wa bahari mwaka mzima. Tenki lililo nusu linapumua: mchana hewa inatanuka na kutoka, usiku inapoa na kuingia na unyevu wake, na umande unaganda kwenye bati la juu. Mchanganyiko wa asilimia 10 unabeba maji karibu nusu lita tu kwa kila lita 100 kabla haujatengana. Ukitengana ni hasara mara mbili: chini kuna maji na spiriti visivyoweza kuwasha injini, na juu imebaki petroli iliyopoteza okteni, ambayo ni hatari kwa gari lenye tabo.

Kipimo unaweza kukifanya mwenyewe. Nunua sirinji ya mililita 60 na ya mililita 10 duka la dawa, na utafute chupa ndefu nyembamba ya kioo. Tia mililita 10 za maji yenye tone la rangi ya chakula, weka alama ya kalamu usawa wake. Ongeza mililita 90 za petroli ya sheli, funga, tikisa dakika moja, fungua kidogo utoe mvuke, acha dakika 10. Tabaka la rangi likibaki 10, petroli haina ethanoli. Likipanda mpaka 19, kuna mililita 9 za ethanoli ndani ya 90, yaani asilimia 10. Fanya nje, mbali na jiko la mkaa na sigara.

Kwa mchanganyiko mzito kama E85 geuza hesabu: mililita 50 za mafuta na 50 za maji, kisha soma tabaka la juu, ambalo ndilo petroli. Likiwa mililita 10, petroli ni asilimia 20 na ethanoli ni 80.

Kutafuta maji usiongeze chochote. Chukua sampuli ya chini ya tenki, iache itulie kwenye kioo. Ukungu au mstari vinatosha kukujulisha. Safari nyingine kabla ya kuondoka, tumia mchanganyiko wote, jaza petroli tupu mpaka juu, na uiendeshe kilomita 20 ili pampu na nozeli zibaki na petroli. Akiba ya ethanoli itunze kwenye dumu zito la plastiki la mafuta, limejaa mpaka karibu na mdomo, limefungwa kabisa, kivulini. Debe la bati lenye zinki halifai: zinki inayeyuka kidogo kidogo na kuishia kwenye nozeli.

SWALI: Huku kwetu mabibo yanaoza chini ya mikorosho kila msimu, na wapo wanaojua kupika nipa kali inayowaka ukiiwashia kiberiti. Kwa nini tusiitumie kwenye gari?
*Msomaji, Newala*

JIBU: Kwanza, kupika nipa ni kosa kisheria, na hatutamshauri mtu yeyote afanye hivyo. Lakini swali lako ni la maana na linastahili jibu la kitaalamu. Kuwaka kwa kiberiti si kipimo. Pombe ya asilimia 50 inawaka, na nusu yake ni maji. Ukiimimina kwenye petroli inashuka chini papo hapo. Ukiirudia kuipika, hata kwa mtambo bora duniani, utakwama kwenye asilimia 95.6 kwa uzito, kwa sababu hapo maji na ethanoli huchemka pamoja kama kitu kimoja. Kukausha kilichobaki viwanda hutumia punje za zeolaiti zenye vitundu vinavyopitisha maji na kuizuia ethanoli. Tena nipa ina asidi na mabaki ya shaba au bati la mtambo, na hivyo vinakula pampu.

Mabibo yenyewe hayana kosa. Maji yake yana sukari karibu asilimia 10, hivyo lita 100 kwa hesabu ya juu kabisa zingetoa lita 6.5 hivi za ethanoli tupu. Brazil ilianza mpango wake wa kitaifa wa ethanoli ya miwa mwaka 1975, na tangu Agosti 2025 petroli yao ya kawaida ina asilimia 30. Inatuuma kuona sukari hiyo inaoza Newala na Tandahimba kila msimu. Inahitaji kiwanda chenye leseni, karibu na mashamba, kwa sababu bibo halivumilii hata siku mbili baada ya kuanguka.

SWALI: Nina Altezza ya 3S-GE, haina tabo. Kijana wa gereji anataka kunifungia E85. Nikubali?
*Msomaji, Masasi*

JIBU: Hapana. Bila tabo hakuna presha ya kupandisha, kwa hiyo utakachopata ni kidogo kulinganisha na gharama ya nozeli, pampu, mipira na kontroli boksi. Kama tenki lako la lita 55 linakupa kilomita 10 kwa lita, leo unafika 550. Kwa E85 utaishia kwenye 390, na Masasi huna pa kujaza. Pesa hiyo safishia nozeli, badilisha plagi na chujio, na umwambie kijana apime mgandamizo wa silinda zote nne. Zikipishana zaidi ya asilimia 10, anza na hapo.